Kalamu Isiyofika Kitabuni

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Manyunyu tangu alfajiri, upepo kutoka baharini, mchanga wa langoni umelowa. Karibu saa tatu jua lilichungulia, likarudi lilikotoka.

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo Mzee Karisa alivyoanza kila ukurasa wa kitabu cha lango, kwa miaka kumi na mmoja tuliyolinda pamoja nyumba za wageni hapa Diani. Tarehe, hali ya hewa, kisha nani ameingia na nani ametoka. Kitabu ni cha walinzi wawili na kila siku kina saini mbili, lakini mwandiko ni mmoja. Mimi nilifungua lango na kumtajia namba za magari, yeye akaandika. Jioni nilichora jina langu chini ya lake, polepole, kama mtu anayechora kuku. Bi Caroline, meneja wetu, hakujua. Karisa hakumwambia, na mimi hakunikumbusha hata siku moja.

Leo alikuwa anaagwa. Jumatatu angekuwa kwake, mjini Mackinnon Road, na mbuzi wake, na mimi ningekuwa langoni na kitabu.

Mtu mwenye akili angefanya nini miezi mitatu kabla ya siku hiyo? Angejifunza kuandika. Nami nilianza, Mungu anajua. Nina miaka hamsini na mbili. Nilijiandikisha masomo ya jioni pale Ukunda, na nilifunga na kuomba siku tatu kabla ya kununua daftari. Lakini katika ukumbi huo huo, kila Alhamisi, Mwalimu Abdulrahim alifundisha kutengeneza vinyago vyenye viungo, vile ambavyo mkono unapinda na goti linakunjika, kwa sura ya mtu yeyote unayemtaka. Nikaona Bwana ananiita huko. Haikunijia kwamba ninakimbia kalamu, ambayo jioni nyingine niliishika kwa shingo upande.

Nikatangaza kazini kwamba zawadi ya Mzee Karisa niachiwe mimi. Nitamtengeneza yeye mwenyewe, ameketi, kitabu mapajani, na mkono wenye kalamu utapanda na kushuka kama anaandika kweli. Wenzangu wakaniamini, hawakutafuta zawadi nyingine.

"Baba Seth," mke wangu Milcah akaniambia, "wewe uliyeshindwa kutundika pazia?"

"Pazia sikuliombea."

Milcah hufanya usafi katika nyumba hizo hizo. Kwa ruhusa ya Bi Caroline aliniletea vinyago vibovu ambavyo watoto wa wageni huviacha chini ya vitanda: shujaa mmoja mwenye kifua kama kabati, na askari asiye na kichwa. Mwalimu alinifundisha kwamba kiungo cha plastiki hakivutwi kwa nguvu. Unakichovya katika maji ya moto, au unakipulizia blodrai, ile mashine ya kukaushia nywele, mpaka kilainike, halafu kinachomoka chenyewe. Mimi nilivuta kwanza. Mkono ukavunjika. Wa pili niliuacha majini muda mrefu mno, ukalegea kama ndizi iliyoiva.

"Taratibu, Bwana Absalom," Mwalimu akasema. "Plastiki haijakukosea kitu."

Kifua nilikipunguza kwa kisu, kisha kwa msasa wiki mbili nzima, maana Karisa ni mwembamba. Kichwa nilikifinyanga kwa dongo la epoksi, lile mafundi huzibia mabomba yanayovuja. Huja vipande viwili. Ukivikanda pamoja, ndani ya dakika kumi na tano vinakuwa jiwe. Kichwa cha kwanza kilifanana na mchungaji wetu. Cha pili kilifanana na Milcah, na hakufurahi. Cha tatu, kwa neema, kilikuwa Karisa: masikio yake, kovu la kidevuni, na jicho moja linalofumba nusu anaposikiliza uongo wa dereva.

Alhamisi iliyopita kilibaki kiwiko tu.

"Kwanza paka mafuta kwenye kiungo, dongo lisishike," Mwalimu akanieleza. "Ukishalizungushia, kila dakika upandishe mkono, uushushe, mpaka dongo likauke. Ukiuacha umetulia, basi tena."

Nilipaka, nikakanda, nikazungushia. Kalamu nikaibandika vidoleni kwa tone la supagluu. Na kwa kuwa ilikuwa hatua ya mwisho, niliona si vizuri kuimaliza bila kuikabidhi kwa Mungu. Nikamshika yule Karisa mdogo mkononi, nikafumba macho.

Watu wananijua kwa maombi yangu. Kanisani nikipewa sala ya kufungia ibada, akina mama huketi. Nilianza na Karisa na jamaa yake, nikaja kwa mbuzi mmoja mmoja, nikaiombea barabara ya kwenda Mackinnon Road na malori yake yote, nikamwombea Mwalimu. Kisha nikafika Jumatatu, na hapo nikakaa. Nilimwambia Mungu nisilomwambia Milcah: kwamba nakiogopa kile kitabu. Kwamba atakuja dereva mwenye haraka, nitakwama katikati ya namba, Bi Caroline ataona, na kazi itakuwa imekwisha.

Nilimsikia Gillian, msusi anayeketi meza ya nyuma yangu, akinong'ona, "Mwalimu, si dongo lake linakauka?"

"Yuko na Mola wake," Mwalimu akajibu. "Ni nani wa kumkatiza?"

Heshima ile ndiyo iliyonimaliza. Niliposema amina, mkono wa Karisa ulikuwa juu hewani, kalamu ikielekea dari, na haukukubali kushuka. Gluu nayo ilikuwa imechuruzika. Kidole gumba changu kilikuwa kimegandana na mgongo wake.

"Mzee wangu, leo umeshikana na kazi yako kabisa," Gillian akasema. Akatoa chupa ya asetoni anayofutia rangi za kucha. Kidole kilibanduka. Rangi ya shati la Karisa ilibanduka pia.

Maji ya moto hayakufua dafu. Muda wa kuanza upya haukuwapo. Nilipaka shati tena jana, lakini kwa unyevu huu wa pwani halikukauka, ndiyo maana leo, manyunyu yakianguka, mimi na Milcah tulikuwa jikoni tukimpulizia Mzee Karisa blodrai ya kuazima.

"Anaonekana kama anasimamisha tuktuk," Milcah akasema.

Saa nne tulikusanyika chini ya paa la kuegeshea magari. Walinzi, wafanya usafi, watu wa bustani. Mwalimu na Gillian nao walikuja. Nilimwamkia Karisa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama sana, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Alipofungua boksi alicheka kwa sauti. "Haya masikio ni ya ukoo wetu hasa!" Kisha akajaribu kuushusha ule mkono, kwa kidole kimoja, kwa upole. Ukagoma. Jicho lake likafumba nusu.

"Absalom, kalamu haifiki kitabuni."

"Haifiki, Mzee. Nilikuwa naomba, dongo likakauka."

Watu wakaangua kicheko, na Milcah zaidi ya wote. Bi Caroline naye akacheka, soda mkononi. "Sasa Jumatatu nani ataandika? Lakini Absalom yupo. Nyinyi wawili mwandiko wenu ni ule ule, siku zote nashangaa."

Karisa akafungua mdomo. Nilimwona. Mtu huyu mkweli alikuwa tayari kunisemea uongo mara moja zaidi, siku yake ya mwisho, kinyago changu kibovu kikiwa kifuani pake.

"Bi Caroline," nikamtangulia, "mwandiko ule ni wa Mzee peke yake. Miaka yote kumi na mmoja. Mimi sikuwa najua kuandika. Sasa najua kidogo, na ninaandika polepole."

Bi Caroline akaweka soda chini. Alimtazama Karisa, akanitazama mimi, akautazama ule mkono ulioinuliwa.

"Na Jumatatu?" akauliza.

Nikasimama wima. Kwa mara ya kwanza maishani sikufumba macho kabla ya kuahidi jambo.

"Mbele ya Mzee Karisa," nikasema, "mbele ya mke wangu, Mwalimu wangu na ninyi nyote, naahidi: Jumatatu kitabu cha lango nitakiandika mimi, kwa mkono wangu. Tarehe, hali ya hewa, na kila gari. Dereva mwenye haraka atangoja. Na nitaomba kabla ya kushika kalamu, si nikiwa nimeishika."