Kati ya MWANZO na MWISHO

Mwaka wa 1996 nilikuwa sipendi watu wa maneno mengi. Mtu akitaka kunieleza jambo na akaanza kwa kuniuliza nimeamkaje, nilikuwa naangalia saa. Wahenga walisema mwenye kelele hana neno, kisha wakanyamaza, na mimi niliona hapo walifanya vizuri mara mbili.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta, katika ofisi kuu ya kampuni moja ya chai mjini Kericho. Kampuni ilikuwa na viwanda sita, na kila kiwanda kilikuwa na kompyuta yake na laini moja ya simu. Kila siku saa saba mchana programu niliyoiandika ilivipigia simu kimoja baada ya kingine, ikaingia ndani ya kompyuta ya huko na kutoa amri moja tu: niambie una kilo ngapi za majani mabichi kwenye vitanda vya kunyaushia. Kompyuta ya huko ilijibu kwa maandishi, na programu ikachomoa namba ndani ya maandishi hayo. Kisha Nelvine, aliyepanga safari za malori, aliitazama. Kiwanda chenye kilo chache kina nafasi, kwa hiyo malori yaende huko. Kilichojaa kiachwe. Hakuna mchezo hapo, kwa sababu majani yakikaa kwenye lori yanashika moto ndani kwa ndani, yanageuka mekundu, na majani mekundu hayawi chai.

Viwanda vitano vilijibu kama mashine. Boito kilijibu kama Mama Rebeccah.

Mama Rebeccah alikuwa karani wa Boito kwa miaka kumi na tisa. Kompyuta ilipoletwa, fundi alimwonyesha faili moja ambayo chochote kilichoandikwa humo humtokea mgeni wa mbali anapoingia, kabla hajapewa alichokuja kutafuta. Fundi alidhani anamwonyesha kitu kidogo. Kila siku kabla ya saa saba Mama Rebeccah aliifungua faili hiyo na kuandika upya. Siku moja aliandika hivi, akianza kwa salamu ya Kikalenjin:

*Chamgei ndugu zetu wa Kericho. Bwana asifiwe. Hapa Boito tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua ya jana ilikuwa milimita 22. Ng'ombe ya mwalimu Johana imezaa ndama jike. Tunawatakia kazi njema. Majani ni hii hapa chini.*

Programu yangu ilikuwa inachukua namba ya kwanza inayokutana nayo, na siku hiyo ilikutana na mvua. Nelvine akaambiwa Boito kina kilo ishirini na mbili, naye akapeleka malori manne kwenye kiwanda kilichojaa hadi mlangoni. Majani yaliokolewa kwa kukimbizwa kiwanda kingine. Madereva walirudi na maneno yao, ambayo hayakuwa salamu.

Meneja wetu, Bwana Makori, aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na aliandika kila kitu kwenye daftari lake, hata aliyokuwa akisema mwenyewe.

"Jackton, probation yako inaisha mwisho wa mwezi," alisema. "Hiyo ripoti ikikosea tena mara moja, unarudi kule stoo ya mbolea nilikutoa."

Nilikuwa nimehesabu magunia katika stoo hiyo miaka miwili, diploma iko kwenye sanduku. Vumbi la mbolea linaingia mpaka kwenye chakula. Sikutaka kitu chochote duniani kama nilivyoitaka barua ya kuajiriwa kabisa, na sioni aibu kusema hivyo. Aibu yangu iko mahali pengine.

Nilimpigia Mama Rebeccah simu.

"Mama, hizo salamu zinaharibu kazi. Naomba uzitoe."

"Nitoe salamu?" aliuliza. "Sasa Jackton, wewe ukikuja kwangu utaingia tu kwa boma bila hodi, useme leteni maziwa?"

"Hii ni mashine inaingia, Mama."

"Lakini ni watu wanasoma."

Kwa wakati huo alikuwa sahihi. Printa ilikuwa inatoa yote iliyopokea, na Nelvine alikuwa akiyasoma ya Boito huku akinywa chai. Ni yeye aliyetuambia Boito kulipokuwa na msiba, na kiwanda kilipokosa kuni.

Niliona kubishana na mama wa watu si kazi ya mtu mwenye diploma. Nikaitengeneza programu upande wangu. Sasa amri yangu iliiambia kompyuta ya mbali iandike kwanza mstari wenye neno MWANZO, halafu itoe jibu, halafu iandike mstari wenye neno MWISHO. Kati ya mistari hiyo miwili programu ilikubali mstari mmoja tu, tena wa tarakimu tupu. Kukiwa na mistari miwili, au herufi hata moja, au MWISHO usipofika kwa sababu laini imekatika, inakata simu na kupiga upya, hadi mara tatu. Kilichokuja kabla ya MWANZO kilitupwa. Printa ikawa inatoa karatasi moja yenye namba sita.

Ilikuwa kazi safi. Nasema hivyo hata leo. Siku kumi na saba hatukukosea hata kilo moja, na Bwana Makori aliandika kwenye daftari kwamba tumepunguza karatasi pia. Mama Rebeccah aliendelea kusalimu. Hakuna aliyemwambia kwamba hasomwi, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Jumanne ya tarehe ishirini na nane Mei ripoti ilitoka kama kawaida. Viwanda vitano vilikuwa karibu kujaa. Boito: 900. Nelvine alifurahi, akayaelekeza malori matano Boito kwa redio.

Namba ilikuwa ya kweli. Boito kulikuwa na kilo mia tisa kwa sababu feni za vitanda vya kunyaushia, zinazopuliza majani yapungue maji, zilikuwa zimeungua zote saa tano, na wafanyakazi walikuwa wameyatoa majani kwa haraka yasiharibike. Vitanda vilikuwa karibu vitupu, na visingeweza kunyausha hata kikapu kimoja.

Malori yalipofika yalizuiwa getini. Madereva walipojaribu kugeuza, la kwanza lilizama kwenye tope, na manne yakakwama nyuma yake hadi kesho yake asubuhi. Kilo elfu kumi na nne za majani. Yalimwagwa bondeni yakitoa mvuke, na wakulima walioyachuma walikuja kuyatazama. Nelvine, aliyekwenda huko, alisema hawakugombana na mtu. Walisimama tu, wakaenda nyumbani.

Siku hiyo ya Jumatano nilifungua faili moja ambayo hakuna aliyejua ipo. Nilipokuwa nikijaribu programu niliiambia iweke nakala ya kila inachopokea, hata kinachotupwa, na sikuwahi kuizima. Nikatafuta Boito, Jumanne, saa saba.

*Chamgei ndugu zetu wa Kericho. Bwana asifiwe. Sisi ni wazima, hakuna mtu ameumia. Mvua inanyesha. Lakini feni zimeungua zote. Msitume majani, hata gari moja. Nimepiga simu tangu saa sita, yenu inasema iko bize. Tafadhali mtu asome hii.*

Simu yetu ilikuwa na shughuli kwa sababu tulikuwa na laini moja, na tangu saa sita nilikuwa nimeishika nikiijaribu programu yangu.

Niliichapa karatasi hiyo, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa shati.

Alhamisi Mama Rebeccah aliitwa Kericho. Alikuja na sweta la kijani na mkoba wa kanisani, akatusalimu kwa mkono mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Bwana Makori alimuuliza kwa nini hakutoa habari.

"Niliandika," alisema. "Niliandika pale juu, kwa salamu, kama siku zote. Jackton anajua."

Wote wakanigeukia. Bwana Makori akafungua ukurasa mpya.

"Jackton. Mashine ilipokea nini kutoka Boito?"

"Mia tisa, Bwana."

"Hakuna kingine?"

Karatasi ilikuwa inanikwaruza kifuani. Nilifikiria stoo. Namwambia msomaji ukweli, nilifikiria stoo tu.

"Kati ya MWANZO na MWISHO, Bwana, hakukuwa na kingine."

Bwana Makori hakujua MWANZO na MWISHO ni nini, na hakuuliza. Aliandika taratibu: *Hakuna kingine.* Akapiga mstari chini yake.

Nilitarajia Mama Rebeccah aseme neno, hata la kunilaani. Alisema tu, "Basi labda haikufika," kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutoka mahali pagumu. Walimstaafisha siku hiyo hiyo, miaka sita kabla ya wakati wake.

Mlangoni aliniaga kwa mkono tena. Niliwahi kumwambia mara moja kwenye simu kwamba mama yangu kule Nyakach anasumbuliwa na mguu. Aliniuliza mguu unaendeleaje, na kama tulipata ile dawa. Nilimjibu kwamba unaendelea vizuri. Barua yangu ya kuajiriwa ilitoka Ijumaa, mstari mmoja, na nilitia sahihi nikiwa bado nimevaa shati lile lenye karatasi mfukoni.