Machozi ya Apolline

Shemeji yetu Balagizi alikuwa mwimbaji wa mashambani, kule Rutshuru: gitaa moja, kofia kubwa, na wimbo juu ya musichana aliyemuvunja moyo akiwa na miaka seize, yaani kumi na sita. Kule waliusikiliza wakipepeta maharagi. Kisha kijana mumoja wa studio hapa Goma akauongezea ngoma, na muji wote ukaanza kulia huku ukicheza. Wamotari, wale wa pikipiki, waliulilia. Hata mwalimu wetu wa hesabu, mutu asiyejua huruma, aliulilia.

Sasa muji ulitaka kujua huyo musichana ni nani, na bila kuuliza mutu, ukaamua ni bibi yake: dada yangu Apolline, anayeuza maharagi soko la Keshero.

“Ulimukataa akiwa masikini,” mama mumoja alimwambia pale sokoni. “Amepata jina, umerudi mbio, eh?”

“Mimi?”

“Hapana, mama yangu muzazi!” Akaenda kununua kwa jirani. Wateja wengine wakamufuata.

Kumbe aliyeachwa ni Apolline mwenyewe! Kule Rutshuru, akiwa na miaka seize, kijana mwingine alimupa ahadi nyingi, kisha akahamia Goma bila kuaga. Apolline alimusimulia bwana yake, na bwana yake, badala ya kumupa pole, akachukua gitaa na kujifanya aliyeachwa ni yeye.

“Balagizi, machozi nililia mimi,” dada alimwambia. “Makofi unapigiwa wewe, matusi tena nile mimi? Dimanche hii, Jumapili ya onyesho lako, utasema ukweli mbele ya watu.”

“Lakini mama Olive,” alimwita kwa jina la mutoto wao, “nikisema, nani atanihurumia?”

“Mimi sikuhurumii, na bado uko hai.”

Dimanche, salle, ule ukumbi wa mabati, ilijaa watu. Balagizi akagusa nyuzi, akaacha. Jasho lilimutoka kama mutu aliye kwenye examen ya shule.

“Ndugu zangu, hiki kilio ni cha bibi yangu. Mimi, nikiwa na miaka seize, hakuna musichana aliyenitaka. Angeniacha namna gani?”

Kisha kicheko kikatikisa mabati. Nikasema basi, wimbo umekufa. Lakini wanawake wa soko wakaanza kupiga kelele: “Apolline apande! Ataje huyo mujinga!”

Dada akapanda, akashika mikro kama mwiko.

“Jina sitaji. Ana bibi, ana watoto, na mimi nilipona. Lakini amelipa tiketi. Amekaa mustari wa tatu.”

Wanaume wote wa mustari wa tatu wakainama kama wanasali. Bibi zao wakawageukia.

Kisha Apolline akaimba mwenyewe, bila ngoma. Sauti yake, tuseme ukweli, ni ya kuitia mbuzi. Wanawake wa soko wakasimama wote, wakimupigia makofi.