Kompyuta Inataka Baba Mmoja

"Nina baba wawili, dada! Wawili! Utanifunga?"

"Kaka, punguza sauti. Kompyuta inataka baba mmoja."

"Basi iambie ikazaliwe kwetu."

Foleni nzima ikacheka. Dada wa dirisha la nne hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa anashughulika na wageni wanaodai michango yao ya pensheni, na kwake yeye mgeni alikuwa mtu wa makaratasi mengi na akili kidogo.

Huyu wa sasa alikuwa mchomeleaji wa mageti. Walimwita Cheche, kwa mdomo wake zaidi ya kazi yake. Miaka sita walimkata pensheni kwenye mshahara kila mwezi. Sasa kibali cha kazi kimeisha, jioni hii anapanda basi kurudi kwao, na mgeni anayeondoka kabisa anarudishiwa chake, mradi asaini kabla hajavuka mpaka. Ni leo au basi tena. Hela hiyo ndiyo mashine, ndiyo karakana. Bila hiyo anarudi kwao na miwani ya kuchomelea tu.

Shida ilikuwa fomu ya kwanza. Siku ya kuandikishwa, kwenye "jina la baba", aliandika jina la baba yake mdogo. Angeandika nani? Baba mzazi alikufa yeye hajaota meno. Baba mdogo ndiye aliyemlea, akamchapa, akamfundisha kazi. Ila pasi ya kusafiria ina jina la marehemu. Kwa kompyuta, basi, kuna Cheche wawili, na mmoja ni mwizi.

"Baba mdogo namjua, hata mimi ninaye," dada akasema, akimsukumia karatasi. "Saini hili tamko, nihudumie wengine."

Cheche akasoma. *Mtu aliyetajwa si baba yangu, na sijawahi kumtambua kuwa baba yangu.*

"Naongeza 'mzazi'. Si baba yangu *mzazi*."

"Ukiongeza neno, naichana."

Akageuka nyuma. Baba mdogo mwenyewe, aliyekuja kutoka kwao kumchukua, alikuwa kwenye benchi kapakata begi la safari la Cheche.

"Baba, wanataka nikukane."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Nikane upesi, benchi hili lina msumari."

"Wameandika sijawahi kukutambua. Sijawahi!"

"Na kweli hujawahi. Nikikutuma dukani ulikuwa unaenda? Saini, zuzu wewe."

Cheche akasaini. Mkono ulionyoosha mageti mia ukachora kitu kama mnyoo. Dada akagonga muhuri: pu! Hela baada ya wiki mbili.

"Haya mwanangu, twende tukale," mzee akasema, akiinuka.

Dada akainua macho. "Mzee, mwanao nani tena? Hata wino haujakauka."

Foleni ikaangua kicheko. Cheche akangoja jibu, maana mzee huyo hajawahi kukosa neno. Mzee akaliweka begi sakafuni taratibu, kama mali ya mtu asiyemjua.

"Kweli," akasema. "Samahani, kijana."

Akageuka, akashika njia ya mlangoni.