Kufuli la Miaka Saba

Kabati alikuwa amelichoka neno wingu. Alilisoma ofisini, akalisoma jikoni akisubiri maji yachemke, akalisoma kwenye benchi la kliniki huku mtoto wake wa mwisho akimlalia mapajani. Watu wengine wakisikia wingu huangalia juu wajue kama wabebe mwavuli. Yeye kichwa kilianza kumgonga.

Kabati si jina lake la kuzaliwa. Ndugu zake ndio waliomwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa kila kitu cha familia kiliishia kwake: vyeti vya kuzaliwa, picha za harusi, funguo za akiba za nyumba ya mama. Ukipoteza kitu unampigia Kabati, naye anaguna kidogo kisha anakitoa. Mtu wa namna hiyo angeajiriwa kazi gani nyingine? Alikuwa katika kampuni ya upimaji wa ardhi, kitengo cha hifadhi, akilinda ramani na michoro ya viwanja vya watu isipotelee ndani ya kompyuta. Zamani michoro yote ilikaa kwenye mashine za chumba cha chini, chumba chenye baridi na kelele ambacho yeye alikiita jokofu. Sasa nusu ilibaki humo na nusu ilikaa kwenye mashine za kukodi, mbali, wasikoziona, na huko ndiko kulikoitwa wingu. Mpango wenyewe uliitwa hifadhi mseto, na msimamizi wake alitakiwa awe na cheti.

Cheti hicho kilimtoa jasho. Mtihani aliufanya mara mbili na mara zote mbili akaanguka. Mkuu wa kitengo, bwana mpole ambaye hata akikukaripia unaweza kudhani anakusalimia, alimwambia kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, nafasi yake atapewa mwingine, na yeye atahamia dawati la kuwabadilishia watu nywila walizosahau. Alimwambia hayo huku akimkaribisha kiti.

Kilichomwangusha kilikuwa kile kile, habari ya makufuli. Faili ikishafika kwenye wingu unaweza kuifungia isifutwe, na makufuli yenyewe ni ya aina mbili. Kuna hali legevu, ambapo mkubwa mwenye ruhusa anaweza kulifungua. Na kuna hali kali, ambapo hakuna anayefungua, awe mkubwa, awe mwenye mali, mpaka muda uliowekwa uishe. Kuitazama, kuisikiliza na hata kuinakili faili unaweza, kuifuta huwezi. Ukielezwa hivi unaona rahisi. Ila watunga mitihani ni watu wenye roho ngumu. Waliyapindapinda maswali mpaka Kabati hakujua tena lipi ni legevu na lipi ni kali. Akaapa kwamba safari hii hatasoma tu, atajaribu aone kwa macho yake.

Ofisi ilimpa akaunti ya mazoezi, iliyolipiwa, yenye faili chache tupu. Sasa ukifungia faili tupu unajifunza nini? Jumapili mchana, mumewe akiwa kwenye karakana yake ya kutengeneza makochi ya watu (lao wenyewe lilikuwa limetoboka mwaka mzima, usimuulize), Kabati alikaa mezani na kompyuta, beseni la sare za shule likimsubiri miguuni. Akachukua folda nzima ya familia kutoka kwenye kisanduku cha kuhifadhia faili kilichokaa kando ya televisheni, picha, video na kila takataka tamu ya miaka yote, akaipeleka kwenye akaunti ya mazoezi. Mwalimu wa video za kozi alikuwa ameonya kwamba kwa mazoezi usitumie kitu unachokijali. Kabati alimsikia vizuri kabisa, huku akikamua shati.

Akaifungia folda yote. Hali kali, miaka saba, kama ulivyokuwa mfano wa kitabuni. Halafu akajaribu kufuta picha moja ya harusi, ikakataa. Akajaribu kwa ruhusa ya juu kabisa, ikakataa tena. Kabati akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Alikuwa ameelewa, na akaenda kuanika nguo moyo mweupe.

Jumatano mama yake alimpigia simu na kumwomba apite kwake akitoka kazini. Sauti ya mama ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza. Kaka mkubwa alikuwa amekubali kuja.

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Kaka mkubwa aliendesha greda, akitengeneza barabara za mbali, na tangu baba afariki alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa mama. Baba alipokuwa hoi kitandani, mama aliweka simu kando ya mto akamrekodi, apate kubaki na sauti yake. Katika maneno yale ya mwisho mwisho baba akamtaja mtoto wake wa kwanza, ambaye alikuwa ameitwa na hajafika: kwamba msimsubiri, mimi nimeacha kumsubiri. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwapo chumbani. Huyo ndiye aliyempigia simu kaka mkubwa na kumfikishia maneno hayo, na kwa jinsi anavyojulikana kwa kupiga chuku, alimfikishia kwa mkopo na riba. Kaka alifika watu wameshatawanyika na viti vya kukodi vimesharudishwa. Alisimama kaburini peke yake, akageuza gari, akaondoka bila kunywa hata maji.

Miaka ikapita hivyo. Mama alibembeleza, wadogo zake wakabembeleza. Mwisho kaka akatoa sharti moja: atakuja siku atakayohakikishiwa kuwa ile sauti imefutwa, kila mahali ilipo, asije siku moja akaikuta ikichezwa mbele ya watoto wake. Na hakutaka ahadi ya mtu mwingine yeyote. Alisema Kabati ndiye hajawahi kumdanganya, basi Kabati aifute, na Kabati amwambie.

Mama alikubali. Aliketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, akaomba aisikilize mara moja tu. Kabati akatoka nje kumpisha. Aliporudi mama alimpa simu bila kumtazama.

"Nitaikumbuka sauti yake lakini?" mama aliuliza.

Kabati alisema ataikumbuka, akabonyeza kitufe, na roho ikamuuma sana. Alimnyang'anya mama yake mume kwa mara ya pili, ndivyo alivyoona, na kazi hiyo hakuna mwingine aliyetaka kuifanya. Alirudi kwake akaifuta na nakala yake kwenye kisanduku cha kando ya televisheni. Alikuwa anavua viatu alipokumbuka akaunti ya mazoezi.

Alifungua, akaitafuta, akaikuta. Sauti ya baba, katikati ya picha za harusi na video ya mtoto anayejifunza kutambaa. Alijaribu kuifuta huku akijua jibu, na jibu likaja lile lile lililomfurahisha Jumapili. Kitu hiki kimelindwa. Alikaa ameshika tama mpaka mumewe alipomuuliza kama kuna msiba.

Asubuhi alimfuata mkuu wa kitengo na kuungama yote: vitu vya familia kwenye akaunti ya ofisi, kufuli, kila kitu. Bwana yule alisikiliza kwa upole wake, kisha akamuuliza ni hali legevu au kali. Kabati akasema kali. Mkuu akavua miwani na kuifuta taratibu. Akasema kwamba hapo hata yeye hana la kufanya. Wenye mashine wenyewe hawawezi, na akaunti ya ofisi haiwezi kufungwa kwa ajili ya faili moja. Halafu, maskini, akajaribu kumfariji kwamba angalau swali hilo la mtihani sasa hawezi kulikosa.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi na kaka angefika alasiri. Siku zilizobaki Kabati hakusoma chochote. Kila akifungua kitabu alijikuta akipanga la kumwambia kaka yake. Angeweza kusema imeisha. Kwa mama imeisha, nyumbani imeisha, na ile iliyobaki iko mahali ambapo hata ukimpa kaka ramani hafiki. Nani angejua? Kwa neno moja tu mama angempata mwanawe, na watoto wangemjua mjomba wao. Alilizungusha neno hilo kichwani akipika na akipiga pasi, na kila mara lilionekana jepesi zaidi. Mumewe, alipoulizwa, alisema yeye angedanganya bila kupepesa, akaendelea kula.

Chumba cha mtihani kilikuwa kidogo, kina kamera juu na msimamizi anayepiga miayo. Swali la makufuli lilikuja mapema, limepindwa kama kawaida yake. Kabati alilijibu bila kulisoma mara ya pili. Mwisho wa yote kioo kikaandika kwamba amefaulu. Alikuwa ameota neno hilo kwa muda mrefu, na sasa alilitazama kama mtu anayetazama bango la barabarani. Alichotaka ni kulala.

Kaka alifika na vumbi lake, mvi zimemjaa kuliko Kabati alivyotegemea. Hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya sebule, mkoba bado begani, kwa maana angeendelea kwa mama au angerudi alikotoka, na hilo lilitegemea jibu moja.

"Imeisha?"

Kabati alifungua mdomo na neno likawa tayari kabisa ulimini. Akamtazama kaka yake usoni, na akaona kwamba huyu mtu ataamini chochote atakachoambiwa.

"Haijaisha, kaka. Kwa mama nimefuta, hapa nimefuta. Imebaki sehemu moja, na huko siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Niliifungia mwenyewe nikijisomea mtihani, sikukumbuka kama imo. Hakuna mtu anayeweza kuifungua. Mpaka ipite miaka saba."

Kaka akacheka kicheko kifupi kisicho na raha, akasema kwamba katika familia nzima amemwamini mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyeitia ile sauti kufuli. Akauliza kwa nini basi hakusema tu kwamba imeisha. Angejuaje yeye, mtu wa greda?

"Nilifikiria," Kabati alisema. "Nimechoka, kaka. Nawatunzia vitu vingi. Uongo sina pa kuuweka."

Alisema hivyo machozi yakamtoka, si ya kuomba msamaha, ya uchovu tu, na hakuyafuta. Kaka aliangalia mlango kwa muda mrefu. Halafu akashusha mkoba, akaketi upande wa kochi ambao haukutoboka.

"Basi iweke niisikie. Kama itaishi miaka saba, afadhali niijue."

Ndipo Kabati alipotambua jambo ambalo halikumjia akilini miaka yote hiyo. Kaka hakuwahi kuisikia. Alichokuwa nacho ni maneno ya baba mdogo.

Waliisikiliza kwenye kompyuta, vichwa vimekaribiana. Mwanzoni palikuwa na pumzi tu, na kijiko cha mama kikigonga kikombe. Baba akaomba mto usogezwe. Akanyamaza hata ukadhani amelala. Kisha akasema, chini chini, neno baada ya neno, na mkwaruzo mzito kooni, "Yule mkubwa... msimsubiri. Mimi nimeacha kumsubiri." Akakohoa. Akaomba taa izimwe, macho yanamuuma.

"Rudia," kaka alisema.

Kabati akarudia. Safari ya pili kaka alifumba macho, na midomo yake ilifuata maneno.

"Baba mdogo aliniambia alifoka."

"Hakufoka."

"Miaka yote niko juu ya greda, injini inanguruma, namsikia anafoka. Wala hajafoka." Akashika paji la uso. "Kumbe alikuwa amechoka tu. Alikuwa amechoka, kama mtu anayesema twende tulale."

Akalia, mtu mzima yule, kwa sauti, na Kabati akamshika mgongo. Mumewe alichungulia kutoka jikoni, akarudi jikoni. Kilio kilipopungua kaka aliuliza kama mama bado anayo kwenye simu yake.

"Nilimfutia Jumatano. Mbele yake."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama ataikumbuka sauti."

Kaka alijipangusa uso kwa mkono wa shati, vumbi na machozi vikachanganyika. Akasimama, akachukua mkoba wake.

"Mrudishie," alisema. "Mrudishie sasa hivi, kabla sijafika mlangoni kwake."