Vibandiko vya Lemuel Stroud

Permelia alikata, Lemuel akapaka. Mkasi ulipita katikati ya majina yaliyochapwa kwenye karatasi pana, LEMUEL STROUD, LEMUEL STROUD, na kila kipande kilichoanguka mezani mumewe alikigeuza, akakipaka gundi ya unga mgongoni, akakianika ubaoni karibu na jiko.

Kwa mihula miwili Lemuel alikuwa ameiwakilisha wilaya ya Harlow katika bunge la jimbo. Safari hii wenye viwanda vya mbao walikishawishi chama chake, kilichochapa chenyewe karatasi za kura za wafuasi wake, kichape jina la mtu mwingine badala ya lake. Hawakuutaka muswada wake wa kuweka vizuizi vya kukinga mikono kwenye misumeno. Ulikuwa umesomwa bungeni mara mbili. Bila yeye, hakuna ambaye angeusimamia mara ya tatu, ya mwisho. Lakini mpiga kura aliruhusiwa kubandika jina jingine juu ya lile lililochapwa, na uchaguzi ulibakiza siku nne.

Ansel Pruitt, katibu wa chama, aliingia bila kubisha.

"Mheshimiwa, siku hizi unapika uji?"

"Karibu, Ansel. Usiegemee hapo, utanata."

"Nimetumwa. Jitoe, posta ya hapa iwe yako. Utauza stempu, utanenepa."

"Na vizuizi?"

"Vingoje."

"Vimengoja hadi msumeno ukala vidole vya Asa Corliss," alisema Permelia bila kuinua macho. "Vikangoja hadi ukala na mkono wa kaka yako."

Ansel aliokota kibandiko kikavu, akakilamba, akakibandika kwenye karatasi ya kura aliyoitoa mfukoni. Akaitikisa. Kibandiko kikaanguka.

"Lem, hata jina lako halitaki kukaa."

Lemuel akajaribu cha pili, na cha tatu. Vyote vikaanguka. Vilivyokwisha kupakwa vilikuwa mia tisa, kazi ya siku mbili.

"Waambie waliokutuma nimekataa," alisema hatimaye.

Ansel alivaa kofia. Ile karatasi ya kura aliiacha mezani. "Ya kujaribia," alinong'ona, akatoka.

Permelia aliimwaga gundi ya unga kwenye ndoo ya nguruwe. Lemuel akaenda kwa seremala, akarudi na vipande vya gundi ya kwato, wakavichemsha. Kibandiko cha kwanza kilipokauka alikilamba, akakibandika kwenye karatasi aliyoiacha Ansel, akakivuta kwa ukucha. Karatasi ikachanika, jina halikubanduka.

"Inanuka zizi," alisema Permelia.

"Wapiga kura wangu ni wafugaji."

Wakaanza upya. Ng'ombe walipoanza kulia kutaka kukamuliwa, vibandiko sitini tu vilikuwa ubaoni. Permelia akafunika chungu. Lemuel akahesabu karatasi ambazo hazijakatwa, akaziwekea jiwe juu zisipeperuke hadi asubuhi, akachukua ndoo ya maziwa.