Mafungu Tisini na Sita

Saa tatu asubuhi Eliasi alichomeka kisu chake kwenye shina la mkonge, akajipangusa utomvu mikononi kwa nyasi, akaketi chini kuandika habari za juma.

Alikuwa amekata mafungu thelathini na moja tangu jua halijatoka. Kazi ya siku ilikuwa mafungu sabini, kila fungu majani thelathini, na mkataji aliyepungukiwa hata na fungu moja hakuandikiwa siku yake kwenye kipande, ile kadi ya siku za kazi. Lakini leo ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi Eliasi hakumaliza kazi yake mwenyewe. Wenzake ishirini wa Kambi ya Tatu ndio waliomalizia. Kila mtu alipopeleka mafungu yake kwenye reli ndogo ya matoroli, alipitia kwenye lundo la Eliasi akaacha mawili.

Desturi hiyo ilianza na marehemu Bonaventura, mkataji mwenzao aliyesoma mpaka darasa la sita misheni. Miaka minne aliwaandikia muhtasari wa gazeti kwenye karatasi moja, akawasomea Jumamosi jioni. Masika yaliyopita homa ilimchukua kwa siku tatu tu. Jumamosi mbili zilipita kimya. Ya tatu, mjane wake Rosina alimletea Eliasi kalamu na kibao cha kuandikia, akaviweka mlangoni. Eliasi hakupenda kuitwa mwandishi. Kwa maoni yake alikuwa anashika tu nafasi ya mtu.

Gazeti lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa la stesheni masta wa Mnyuzi, ambaye kila Ijumaa alikwenda Korogwe kwa mkewe. Muhidini, mpeperusha bendera wa stesheni, aliliazima mezani pake na ilimpasa alirudishe kabla ya treni ya Jumamosi saa tisa, likiwa limekunjwa vilevile. Ndiyo maana Eliasi alinakili, na ndiyo maana alihitaji asubuhi nzima.

Alianza na siasa kama alivyofanya Bonaventura. Wajumbe kutoka ng'ambo wanakuja kuuliza wananchi wanataka nini. Chama kimefungua tawi jingine. Kisha mitambo: kuna redio inayotumia betri, unaweza kuibeba mpaka shambani. Kisha ngoma na mpira. Vitabu na mashairi aliyaweka mwisho, kwa sababu watu wakishapewa mashairi huondoka.

"Mwalimu!" Abdi alikuwa amesimama nyuma yake, fungu begani. Alikuwa Mzigua wa Misima, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Muhidini kanambia jibu limetoka. Kweli?"

"Limetoka."

"Yule wa Pangani kajibu?"

"Beti kumi na moja."

"Mungu mkubwa! Nisomee moja tu."

"Jioni."

"Ubeti mmoja, ndugu yangu. Nikianguka nikafa hapa kabla ya jioni?"

"Basi tutakusomea kaburini," alisema Ernesti, aliyekuwa akija na mzigo wake. Ernesti alikuwa Mnyamwezi, naye Abdi alikuwa mtani wake, kwa hiyo hawakuwahi kusemezana vizuri hata siku moja. "Nawe utamsikiliza vizuri. Wazigua wakiwa hai hamsikilizi."

"Nyamaza, mbeba mizigo. Mshairi wenu wa Tabora leo kapigwa."

Majibizano ya washairi hao wawili yalikuwa na juma la saba sasa. Swali lilikuwa hili: mke akienda darasa la watu wazima jioni, nani apike? Wa Tabora alisema darasa lingoje chakula kiive. Wa Pangani alisema mume ana mikono miwili kama mtu mwingine. Kambi nzima ilikuwa imegawanyika. Wanawake wa palizi, ambao zamani hawakuja kusikiliza, sasa ndio waliokuja wa kwanza.

"Haya, naongeza," alisema Abdi, akabwaga mafungu manne kwenye lundo badala ya mawili. "Mawili yangu, mawili ya mshairi wa Pangani. Nisomee."

Eliasi akacheka, akamsomea mstari mmoja: "Mke ashike kalamu, na mume ashike mwiko."

Abdi akapiga kelele ikasikika ngwe tatu mbele. Ernesti naye, kwa hasira, akatupa mafungu manne ili Tabora isionekane bahili. Habari ikapita safu kwa safu. Eliasi alikwisha inama tena juu ya kibao chake. Alisikia mafungu yakianguka, pu, pu, akasema ahsante bila kuinua macho. Hakuhesabu. Hakuna aliyehesabu.

Saa sita nyapara Mwinjuma alikuja kuhesabu, na hakuwa peke yake. Nyuma yake alitembea Bwana Mdogo, Mzungu kijana aliyeletwa mwezi huo kumsaidia meneja, kofia yake bado mpya. Mwinjuma alikuwa mzee wa Mazingara, mkali wa mdomo, na kila Jumamosi alisimama nyuma ya watu jioni akijifanya anapita tu. Kwenye lundo la Eliasi huwa anaandika sabini na kuendelea na njia yake. Leo Bwana Mdogo alihesabu mwenyewe, kwa fimbo.

Alihesabu mara mbili.

"Tisini na sita," alisema. "Nani nakata hii?"

Wakataji wakatazamana. Abdi alifumba macho kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha moto nyumbani.

"Eliasi, Bwana," alisema Mwinjuma. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Ana mkono mwepesi huyu. Mwepesi sana."

"Saa sita tu, na tisini na sita." Bwana Mdogo alimtazama Eliasi toka juu hadi chini, akafurahi. "Wewe mzuri. Sasa mimi naona. Watu nasema sabini ni kazi ngumu. Meneja naamini. Lakini mtu mmoja naweza tisini na sita, na yeye si mkubwa, tazama, yeye mwembamba! Jumatatu watu wote tisini."

Kwenye ngwe ya jirani kulikuwa na mtu aliyeitwa Matayo, mwenye kifua, ambaye kwa kawaida sabini yake aliyamaliza saa tisa akitembea kwa magoti. Eliasi alimwona akikaa chini polepole.

Angeweza kunyamaza. Siku yake ingeandikwa, karatasi ingebaki mfukoni, na jioni wangekusanyika. Alifikiri hivyo, na aliona aibu kwa urefu wa muda aliofikiri.

"Bwana," alisema, "si mimi niliyekata."

"Nini?"

"Mimi nimekata thelathini na moja. Mengine nimepewa."

"Nani nakupa?"

"Watu."

"Kwa nini?"

Eliasi alitoa karatasi. Hakuwa na njia nyingine ya kueleza. Bwana Mdogo aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akaigeuza, akatafuta picha. Alimpa karani aliyefuata nyuma na daftari. Karani akasoma kwa sauti ya ofisini, "Siasa," akanyamaza, akamtazama Eliasi kwa huruma, akaendelea kimoyomoyo.

"Ni habari za juma, Bwana," karani alisema. "Kuna habari za redio. Kuna habari za... mapishi."

Abdi alikohoa ili asicheke. Bwana Mdogo hakucheka. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Hii nakwenda ofisini. Wewe, leo hapana siku. Thelathini na moja si siku." Mwinjuma akapiga mstari kwenye kipande cha Eliasi, kalamu ikikwaruza. "Na hawa wengine." Fimbo ikaonyesha safu nzima. "Wao namaliza sabini?"

"Wanamaliza kila siku, Bwana," alisema Mwinjuma.

"Na iko nguvu nabaki, nagawa bure. Basi. Si tisini. Jumatatu themanini."

Akaondoka akifuata reli ya matoroli, fimbo ikigonga kila fungu alilopita.

Wakataji walimgeukia nyapara, aliyebaki nyuma.

"Mzee Mwinjuma," alisema Ernesti, "mkono mwepesi?"

"Nilitaka kumsaidia!"

"Ungemsaidia kidogo zaidi tungekata mia."

"Nawe ulitupa mangapi?" Abdi alimgeukia. "Manne! Sifa tu."

"Nani alianza?"

"Mimi nilianza," alisema Eliasi. "Ningehesabu, yasingetokea." Alichukua gazeti la stesheni masta kutoka chini ya kibao, akalipangusa vumbi, akashika njia ya Mnyuzi kabla treni haijaingia.

Aliporudi saa kumi alikusudia kupita nyuma ya nyumba na kulala. Lakini Rosina alikuwa mlangoni kwake, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akipepeta mchele.

"Shemeji, watu wamekaa."

"Karatasi imechukuliwa."

"Nimesikia. Wamekaa hivyo hivyo."

"Nitawasomea nini? Nimewapatia mafungu kumi zaidi kila siku. Bonaventura asingefanya kosa hili."

Rosina alipuliza pumba. "Bonaventura aliwahi kuwasomea kwamba vita imekwisha, kumbe gazeti lilikuwa la mwaka juzi. Watu wakachinja mbuzi. Akakaa ndani siku mbili kwa aibu." Alikuwa akitabasamu, na alitabasamu akitazama mchele, si yeye. "Nenda. Ulinakili kwa mkono wako. Kichwa chako hakikuchukuliwa."

Walikuwa wengi kuliko kawaida, juu ya magunia na mawe mbele ya bomba la maji, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Matayo alikuwa mbele. Alimsogezea Eliasi gogo lake.

"Shikamooni," Eliasi aliwaambia wazee, akaketi na mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi.

"Marahaba," wazee waliitikia.

"Siasa kwanza," alisema Abdi kwa upole usio wake.

Eliasi alifungua kinywa aseme habari za wajumbe wa ng'ambo. Badala yake akasema, "Habari ya kwanza ya juma hili inatoka Kambi ya Tatu."

Watu wakasogea. Hakuna gazeti lililowahi kuwataja.

"Jumamosi wakataji ishirini walimkatia mwenzao mafungu sitini na tano bila kulazimishwa na mtu. Bwana Mdogo akayahesabu. Akaona kwamba mtu mwenye kitu cha kumpa mwenzake bado hajachoka vya kutosha. Ameongeza mafungu kumi."

"Ndivyo," alisema Matayo.

"Imekaa sawasawa," alisema Ernesti. "Soma tena hapo pa kuchoka."

Akasema tena. Kisha akawapa redio ya betri, akawapa mpira, akawapa beti kumi na moja za Pangani, na palipokosekana neno akina mama wakalijaza, vizuri kuliko mshairi. Ernesti akapiga makelele kwamba Tabora itajibu. Watu walicheka mpaka Matayo akashika kifua.

Mashairi yalikwisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeondoka.

"Na habari ya Jumatatu?" aliuliza Abdi.

"Jumatatu haijafika."

"Iandike. Wewe si mwandishi?"

Rosina alikuwa amekwisha mletea karatasi na kibao. Eliasi alichovya kalamu, akangoja. Watu walitazamana, si wote kwa ujasiri. Matayo ndiye aliyesema, taratibu, kwa sababu ya pumzi.

"Andika hivi. Jumatatu watu wa Kambi ya Tatu walikata mafungu sabini. Wakaketi."

Kalamu ilisikika. Nyuma kabisa, pale alipokuwa akipita tu, mzee Mwinjuma alisafisha koo.

"Ongeza," alisema. "Nyapara aliyahesabu, akaandika siku."

Ernesti alimgeukia. "Mzee, watakufukuza."

"Hilo litakuwa la juma lijalo. Andika, Eliasi."

Eliasi akaandika.