Pumzi ya Wamaitha

Mara ya sita wimbo ulipoanza, kina mama wa kwaya walikanyagana tena, na Jerop akajua kosa haliko miguuni.

Walikuwa kumi na wanane, gauni za zambarau na vilemba vyeupe, wamepangwa kando ya shamba la ngano hapo Mau Narok. Spika ya Bravin ilikuwa mbele yao. Wiki mbili nyuma walikuwa wamerekodi kwenye studio yake Nakuru, na leo kazi ilikuwa kufungua midomo na kucheza mbele ya kamera, sauti itoke kwa spika. Ndiyo siku ya kwanza walikuwa wanausikia wimbo wao ukiwa umekamilika.

"Simameni hapo," Bravin akawaambia kina mama. Alikuwa kijana mpole, hilo Jerop hakuweza kumnyima. "Wamathe, nini mbaya? Ni mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Hii kitu mnafanyanga kila Jumapili."

"Tunafanyanga na wimbo wetu," Jerop akasema.

"Si huu ndio wimbo wenu?"

"Hapo ndipo sijui."

Jerop alikuwa mwenyekiti wa kwaya tangu mwaka aliomzika mumewe, na aliimba sauti ya pili, nyuma ya bega la kushoto la Wamaitha, mama yake Kahiga. Wimbo ulikuwa wa Wamaitha. Aliutunga mwaka ule baridi ilipochoma viazi vya mlima mzima, na hakuna mwingine aliyewahi kuuongoza. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi, na pumzi yake ilisikika mpaka benchi la mwisho, na mluzi mwembamba ndani yake, kwa sababu ya uvimbe wa goita uliomkaba shingoni. Kwaya ilinyanyua mguu kwa pumzi hiyo. Hakuna aliyewafundisha. Miguu ilizoea yenyewe.

Na Alhamisi Wamaitha alikuwa anaingia chumba cha upasuaji. Daktari hakumficha: sauti inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Ndiyo sababu wakakimbilia studio. Wengine walitaka wimbo uchezwe redioni. Jerop alitaka sauti ya rafiki yake ibaki mahali fulani, basi.

"Bravin, ile pumzi umeweka wapi?"

"Pumzi gani?"

"Ya Mama Kahiga."

"Ah, hizo nilitoa zote." Alisema kwa furaha, kama mtu aliyefua nguo za wageni. "Zilikuwa thelathini na mbili, zilinichukua siku mbili. Na pale sauti yake ilikuwa inashuka, nikainyoosha. Sai ni safi kama maji ya chupa."

"Nani alikutuma?"

"Mathe, wimbo hutengenezwa hivyo. Redio haiwezi cheza mtu akihema."

"Kwani watu wa redio hawahemi?"

Kina mama wakacheka. Jerop hakucheka. Alimgeukia Wamaitha ili wamkabili kijana pamoja, akamkuta amesimama karibu na spika, skafu imezungushwa shingoni, kichwa ameinamisha kama anayeambiwa siri.

"Kumbe naweza kuwa hivi," Wamaitha akasema. "Ni kama nina miaka ishirini."

"Mama Kahiga, huyo si wewe."

"Na kama ninamtaka? Miaka saba, nikiimba watu wananiangalia shingo. Huyu hana shingo."

Kijana asiyejua alichoharibu, Jerop angeweza kumvumilia. Lakini mwenye mali kusimama upande wa mwizi, hilo lilimpandisha joto mpaka masikioni. Akamwomba Mungu subira, akagundua hata kuomba kwenyewe anaomba kwa hasira, akaacha.

"Haya, tuanze," Wamaitha akasema.

Safari hii kamera ilimsogelea. Mstari wa kwanza ulienda vizuri. Kisha akavuta pumzi kama kawaida yake, na alipofungua mdomo, spika ilikuwa imeshaingia mstari wa pili. Bravin alipoziondoa pumzi zile kwenye wimbo, alikuwa ameziba na nafasi zake. Wamaitha akakimbiza, akafikia, akavuta pumzi, akaachwa tena. Katika ubeti wa tatu alisimama, mkono kifuani, na sauti yake ikaendelea bila yeye, nzuri, nyororo, juu ya ngano.

"Zima," akasema. "Huyu msichana hapumui. Nimemfuata mpaka nimechoka. Wimbo huu niliutunga nikiwa na njaa, Bravin. Huyu amekula ameshiba, na ana haraka ya kwenda nyumbani."

"Naweza punguza spidi kidogo..."

"Unaweza turudishia ile ya kwanza?" Jerop akauliza.

Bravin akaangalia viatu vyake. "Nilifuta. Laptop ilikuwa imejaa."

Jerop alishika mikono yake nyuma, maana hakuiamini.

"Maikrofoni iko kwa gari?"

"Iko. Lakini huku nje kuna upepo, mathe, kuna ng'ombe..."

"Ilete."

Waliimba hapo hapo. Wamaitha akavuta pumzi, mluzi ukapita, na miguu kumi na minane ikapanda pamoja. Alishuka pale anaposhukanga. Kwenye ubeti wa pili trekta ilipita barabarani ikawapigia honi, na hakuna aliyegeuka. Katika mstari wa mwisho sauti ilimkatikia katikati ya neno. Jerop akalishika neno kutoka nyuma, akalishikilia, mpaka mwenyewe akarudi kulichukua.

Bravin alivua vifaa vya masikioni polepole. "Hiyo ni poa sana. Turudie moja tu, sababu ya hiyo trekta."

Wamaitha alikuwa ameketi kwenye nyasi. "Sina nyingine."

"Basi nitaitoa nikifika Nakuru. Trekta peke yake. Na pale sauti ilikatika, kidogo tu."

"Kabla hujafika Nakuru," Jerop akasema, "nitumie wimbo kwa simu. Vile uko."

"Ni mkubwa, mathe. Na mtandao wa huku unaujua."

"Tutangoja."

Bravin akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye simu ya Jerop, asilimia tatu. Mpiga kamera alifunga mizigo yake. Wingu la mvua lilianza kujaa upande wa msitu, na kina mama wakavua vilemba, wakaanza kuondoka wawili wawili. Jerop alivuta kiti cha plastiki akakiweka mbele ya mlango wa dereva, akaketi.

"Si uniamini tu?" Bravin akasema. "Nikifika natuma."

"Ninayemwamini ni Mungu. Wewe ninakungoja."

Bravin akachungulia simu juu ya bega la Jerop. "Asilimia tisa," akasema, kama mtu anayesomewa kifungo.

Jerop alimwita Emmy wa safu ya nyuma, akamwambia amletee kijana chai na viazi vya kuchemsha, tena vingi, kwa maana mpaka asilimia mia bado walikuwa na safari.